Majaribio ya sayansi jikoni kwa watoto wa miaka 4 na 7: nianze na lipi?

Swali
Wazazi wenzangu, salaam. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7, wasiochoka kuuliza "kwa nini". Ningependa tufanye majaribio mepesi kwa vitu vya jikoni, pasipo kuwasha jiko, lakini yasiwe mazingaombwe ya kushangilia povu na kusahau. Lipi litamfaa mdogo bila kumchosha mkubwa?

Jibu la kwanza
Anza na hamira. Chukua chupa mbili ndogo zinazolingana, tia katika kila moja kijiko cha chai cha hamira kavu na maji ya uvuguvugu ya kiasi kilekile, kisha sukari iingie katika chupa moja tu. Vika kila mdomo wa chupa puto na usubiri kama nusu saa. Hamira ni viumbe hai vidogo mno ambavyo hula sukari na kutoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoliinua puto, ilhali lile la chupa isiyo na sukari hubaki limelegea. Maji yasiwe ya moto sana, kwani yataiua hamira. La muhimu ni kwamba chupa hizo zitofautiane kwa jambo moja pekee, na kila mtoto atabiri kabla ya kuona. Mkubwa aandike utabiri wa wote wawili.

Jibu la pili
Naafiki, ila nusu saa kwa mtoto wa miaka 4 ni safari ndefu. Wakati mnasubiri, mpe sahani ya maji iliyonyunyiziwa pilipili manga ya unga, achovye kidole katika sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha aguse katikati. Pilipili itatawanyika mara moja hadi ukingoni. Wengi hueleza kwamba pilipili "inaikimbia" sabuni, maelezo ambayo mimi siyapendi, kwa kuwa kinachosogea kwanza ni uso wa maji wenyewe: sabuni hupunguza mvutano pale ilipogusa, na maji ya pembeni, yenye mvutano mkubwa zaidi, huvuta kuelekea kwao. Akirudia katika maji yaleyale halitokei jambo. Mwulize sababu kabla ya kuosha sahani. Asijifikiche macho.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Na yai katika siki, je? Nasikia huvimba.

Jibu la tatu
Ni kweli, ndugu. Ganda la yai ni kalisi kaboneti kwa sehemu kubwa, na asidi ya siki huliyeyusha polepole. Vipovu vinavyolizunguka ni gesi ileile ya kwenye puto, jambo ambalo mkubwa anaweza kuligundua mwenyewe ukimpa nafasi. Badilisha siki baada ya siku moja, na kufikia siku ya pili utabaki utando laini ambao maji hupita kuingia ndani, ndiyo maana yai huvimba. Lilaze siku nzima katika shira nzito ya sukari nalo litanywea, kwa kuwa sasa maji yanatoka. Lirudishe katika maji matupu, litajaa tena. Yai hilo bado ni bichi, basi lisiliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Liweke ndani ya bakuli kabla mdogo hajalibonyeza, maana atalibonyeza.