CDKAL1: kwa nini kimeng'enya kilichomo katika tishu nyingi kinalitikisa zaidi kongosho?

Seli_Hai:
Wataalamu, salaam. Ninasoma kuhusu CDKAL1, kimeng'enya kinachorekebisha tRNA (molekuli zinazoleta asidi amino protini inapotengenezwa), ambacho jeni yake iko kwenye kromosomu ya 6 na ilihusishwa na kisukari cha aina ya pili mwaka 2007, baada ya jenomu za maelfu ya watu kulinganishwa. Kinachonitatiza ni kwamba kinapatikana katika misuli, ubongo na tishu nyingine nyingi, ilhali kinachozungumzwa zaidi ni kongosho. Isitoshe, picha za hadubini zinakionyesha kama wavu unaozunguka kiini cha seli, nami nilitarajia kitapakae katika saitoplazimu yote. Je, umbo lake linaeleza lolote?

Mkia_wa_C:
Ndugu, anzia mwisho wa protini. Kwa binadamu ina asidi amino 579. Upande wa N, yaani mwanzo wa protini, kuna eneo lenye sisteini tatu zinazoshika kishada cha chuma na salfa. Linafuata eneo la radikali SAM, linaloendesha mmenyuko wenyewe, lenye sisteini tatu nyingine na kishada chake, kisha eneo la TRAM, linalosaidia kushika tRNA. Mwishoni kabisa, upande wa C, kuna kipande kifupi kisichopatana na maji, nacho ndicho kinachojichomeka katika utando wa retikulamu ya endoplazimu. Kwa kuwa kipande hicho hutoka kwenye ribosomu (mtambo unaotengeneza protini) mwishoni, protini hukamilika kwanza, ndipo TRC40, protini ya usafirishaji, huipeleka kwenye utando. Sehemu inayofanya kazi hubaki imeelekea saitosoli, ziliko tRNA. Wavu uliouona ni retikulamu yenyewe.

Kodoni_AAA:
Kuhusu kongosho, kuwepo kwa kimeng'enya katika tishu ni jambo moja, na tishu hiyo kukitegemea ni jingine. CDKAL1 huongeza kundi la methilithio kwenye adenosini ya nafasi ya 37, jirani ya antikodoni (sehemu ya tRNA inayosoma ujumbe wa jeni), katika tRNA ya asidi amino lisini inayosoma kodoni AAA na AAG, yaani herufi tatu tatu za ujumbe huo. Nyongeza hiyo ikikosekana, kodoni huweza kusomwa vibaya, hasa ufasiri unapokwenda kasi, na seli beta, zinazotengeneza insulini katika kongosho, hufanya kazi kwa kasi hiyo kila glukosi inapopanda. Proinsulini ya binadamu, ambayo hukatwa ili kupata insulini, ina lisini mbili tu, na moja iko pale pale peptidi C (kipande kinachoondolewa) inapotenganishwa na mnyororo A wa insulini, kwa hiyo kosa dogo hapo huathiri ukataji wenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, Japani, walionyesha kwamba panya waliokosa Cdkal1 katika seli beta pekee walishindwa kudhibiti glukosi ipasavyo. Kwangu mimi, ushahidi huo una uzito kuliko jedwali lolote la wingi wa mRNA katika tishu.

Seli_Hai:
Nashukuru sana. Nikitaka kukiona kwa kukibandika protini ya kijani ing'aayo, niiweke upande gani?

Mkia_wa_C:
Upande wa N. Ukiiweka upande wa C, kile kipande cha utando hakitakuwa tena mwishoni, na njia yake ya kuchomekwa itavurugika. Tumia kalneksini, protini ya utando wa retikulamu, kama alama ya retikulamu, na usiichanganye CDKAL1 na ndugu yake CDK5RAP1, ambaye hufanya kazi inayofanana ndani ya mitokondria. Ukinunua kingamwili, hakikisha haishiki zote mbili.