Windows 11: tuhamie au tubaki? (gumzo la familia)

Shangazi: Habari za jioni wote. Jamani naombeni msaada, laptopu yangu ya Windows 10 imeniandikia haifai kuwekwa Windows 11, ule mfumo mpya wa kuendesha kompyuta wa Microsoft, wakati haina shida yoyote, inawaka haraka, mafaili yote ya kikundi chetu nayaandikia humo. Sasa ndo niitupe?

Rehema: Shikamoo shangazi. Usitupe kitu kwanza 🙏

Shangazi: Marahaba mwanangu

Kaka Idi: Shikamoo shangazi. Ni hivi, Windows 10 muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimiki, itawaka kama kawaida, ila marekebisho ya usalama ya kila mwezi ndo hayaji tena yenyewe. Leo huoni tofauti, lakini kila tundu jipya likigunduliwa la kwako linabaki wazi, na unazidi kuwa hatarini kadiri siku zinavyokwenda

Baba Mdogo: Mimi nilihamia na mpaka leo sijaizoea. Ule mstari wa chini wenye programu mimi miaka yote nauweka pembeni kushoto, maana skrini ni pana sio ndefu, ukiwa pembeni unapata nafasi ya kusoma. Ilipotoka 2021 wakaondoa hilo, ukae chini tu. Na ukibofya kulia kwenye faili inakuja menyu fupi, unachokitaka kimefichwa, unabofya tena ndo unaiona menyu ya zamani. Kwa nini uguse kitu ambacho watu wanakijua kwa mkono?

Rehema: Baba mdogo mimi naipenda kweli. Peleka mshale juu ya kile kitufe cha kukuza dirisha, au bonyeza kitufe cha Windows na Z, inakupa michoro ya kupanga madirisha, huku Word huku intaneti, yanakaa sawa bila kuvuta vuta. Na folda sasa zinafunguka nyingi ndani ya dirisha moja, kwa vichupo (tabs) kama vya brauza. Kwa mtu anayefanya kazi na mafaili kumi kwa pamoja ni raha

Baba Mdogo: Hiyo ya madirisha nakubali, ni nzuri

Rehema: Na ile Start iliyokaa katikati unairudisha kushoto kwenye setingi

Mama: Mimi kinachoniudhi ni akaunti. Kompyuta mpya hata hujaanza kuitumia inataka intaneti na akaunti ya Microsoft, zamani unaandika jina lako na nywila basi unaanza kazi. Kompyuta ni yangu, ipo nyumbani kwangu, kwa nini nijisajili kwa mtu ndo niifungue

Juma: Hapo mama umesema kweli kabisa. Na ile Recall je? Walivyoitangaza 2024 ilikua inapiga picha za skrini yako kila mara ili baadae uulize ulikua unaangalia nini. Watu wakapiga kelele ikaahirishwa, iliporudi ikawa haiwaki mpaka mwenyewe ukubali. Bila zile kelele ingekuja imewashwa

Kaka Idi: Ndio, na ipo kwenye mashine mpya zile za Copilot+ tu, yaani zilizotengenezwa kwa ajili ya akili bandia, wengi wenu hamnayo. Shangazi turudi kwako. Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika tpm.msc kisha enta. Soma kulia chini namba ya toleo

Shangazi: Imeandika 2.0

Rehema: Si ndo inayotakiwa hiyo?? 🎉

Kaka Idi: Ndio, hiyo ni TPM, chipu inayotunza funguo za siri mbali na diski, na wengine wanayo ila imezimwa tu. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, inatakiwa kuanzia GB 4, na diski GB 64. Sasa nenda setingi, System, About, nisomee jina la prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta

Shangazi: Intel Core i5-7200U

Kaka Idi: Aah. Ndo hapo. Baada ya kistari inaanza na 7, maana yake kizazi cha saba, na Microsoft kwa prosesa za Intel wanapokea kuanzia cha nane, wachache sana wa saba ndo waliopona na yako haimo

Juma: Ona sasa!! Ramu ipo, diski ipo, chipu ipo, kasi ipo, anakataliwa kwa tarakimu moja. Usalama mimi naukubali, tena naona wana hoja, ila kompyuta nzima inayofanya kazi kuambiwa imepitwa huo ni uharibifu, na watu wengi hawatauliza kama shangazi wataiweka tu kabatini

Mama: Si kuna njia za kuilazimisha?

Kaka Idi: Zipo mama, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawakuhakikishii apdeti. Kwa mafaili ya kikundi cha watu siwezi kumshauri. Shangazi una njia mbili. Moja, ujiandikishe kwenye nyongeza ya marekebisho ya Windows 10, inakupeleka mpaka 13 Oktoba 2026. Inatakiwa iwe toleo la 22H2, lile la mwisho la Windows 10, na uwe na akaunti ya Microsoft (mama usinune). Pili ni Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, haina malipo na hiyo mashine inaiweza vizuri

Shangazi: Na Word yangu?

Kaka Idi: Huko utatumia LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, inafungua mafaili ya Word, ila majedwali saa nyingine yanahama kidogo. Ndo maana nataka uijaribu kwanza, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski, unafungua mafaili yako unaangalia. Printa nayo tuijaribu hapohapo

Baba Mdogo: Huko mstari unaweza kukaa pembeni?

Kaka Idi: Pembeni, juu, popote baba mdogo

Baba Mdogo: Basi na mimi nitakuja kuangalia

Shangazi: Haya nimeelewa. Najiandikisha leo ili nisikae wazi, halafu Jumamosi mje tujaribu hiyo Mint. Niandae nini?

Kaka Idi: Flashi ya GB 8, iwe tupu maana kila kilichomo kitafutika. Na kabla sijafika uwe umekopi mafaili ya kikundi kwenye diski ya nje

Shangazi: Diski ya nje ninayo, naanza kukopi sasa hivi