Mrejesho: yule mtoto aliyevuja damu baada ya tohara

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu mwanangu wa miaka minne, alitahiriwa damu ikatoka siku tatu, baadae goti likawa linavimba hata hajaanguka. Wengine mlisema amerogwa, wachache mkasema hemofilia, yaani ule ugonjwa wa kuzaliwa nao wa damu kutoganda vizuri. Ni hemofilia A kweli.

Hospitali ya kwanza walimchoma diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye paja, paja likavimba likawa gumu kama ubao, nililia sana, maana kumbe watoto hawa hawachomwi sindano ya msuli na hiyo dawa inazidisha kuvuja. Tukapelekwa Muhimbili. Chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) ziko sawa, PT sawa, ila APTT imerefuka sana (PT na APTT ni vipimo vya muda wa damu kuganda), wakapima faktari 8, protini ya kugandisha damu, wakakuta asilimia 2 tu ya kiwango cha kawaida! Daktari akaniuliza upande wa mama kuna mwanaume aliyewahi kuvuja damu, nikakumbuka mjomba wangu aliyefariki baada ya kung'olewa jino. Mie mama yake ndo nimembebea ugonjwa bila kujua, japo daktari kasema kuna watoto wanaupata bila historia yoyote kwenye ukoo.

Anachomwa faktari 8 kwenye mshipa, ile mara ya kwanza jioni yake akaomba mwenyewe kushuka kitandani. Maumivu ni panadol, goti likianza kuwa la moto namlaza, naweka barafu iliyofungwa kwenye kanga, tunawahi hospitali.

Wenye watoto wa kiume, kama kwenu kuna historia ya kuvuja damu jamani pimeni kabla ya tohara. Ahsanteni mno mlionijibu.