Naomba ushauri: mbuzi kutupa mimba na homa kwa wachungaji, Witu

Ndugu wanachama, asalamu aleikum. Ninahudumia wafugaji wa Witu, Lamu, ambako tangu mafuriko yapungue mbuzi wengi wanatupa mimba kwa mkupuo, na wachungaji wawili waliowazalisha kwa mikono mitupu wameshikwa na homa na maumivu ya viungo. Nahofia Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaoambukiza watu pia, ulioua watu nchini mwetu mwaka 2006 hadi 2007, ingawa bruselosisi, ugonjwa wa bakteria wa mifugo unaoambukiza watu, nayo husababisha hayo. Nimemwarifu ofisa mifugo na kuwasihi wenyeji wasichinje wanyama wagonjwa. Lakini daftari langu la mifugo na lile la wagonjwa la zahanati hayakutani kamwe, jambo linaloniumiza sana. Je, niandike taarifa zipi hasa ili mgonjwa aunganishwe na zizi alilohudumia? Na sampuli za damu zihifadhiwe vipi katika joto hili hadi zifike maabara?