Tupeane uzoefu: indiketa ilikusumbua vipi, na kosa ulilipata wapi?

Wenzangu wa Mombasa, naanza mimi. Nikishuka daraja la Nyali, indiketa ya kushoto ikaanza kupiga mbio, ya kulia taratibu kama kawaida. Ya nyuma kushoto haiwaki. Fundi akasema flasha, kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa, imekufa, nikanunua mpya, mbio zikabaki zile zile. Kumbe flasha haikuwa na kosa; ikikosa mzigo wa balbu moja ya wati 21, ndivyo inavyotujulisha. Balbu nayo nzima. Nikachukua mita ya kupimia umeme: ncha nyekundu kwenye soketi, nyeusi kwenye bodi, volti 12 zinakuja na kukatika. Nikahamishia nyeusi kwenye athi ya soketi yenyewe, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi: sifuri. Basi kosa liko kwenye athi. Nikaufuata waya ule hadi ndani ya buti, kichwa chake kimeota unga wa kijani. Chumvi hii ya bahari! Nikapiga msasa hadi shaba ikang'aa, nikakaza bolti, nikapaka grisi. Hebu semeni nyinyi.

Dereva wa Likoni: Shukran ndugu. Yangu ilikuwa nikikanyaga breki, indiketa inawaka hafifu. Nilikuwa kwenye foleni ya feri, kijana wa nyuma akaniita, "Mzee, taa zako zinachanganyikiwa." Athi tena. Taa za nyuma upande ule zinatumia moja, na ilikuwa imelegea, umeme wa breki ukawa unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu ya indiketa.

Mama Probox: Mimi indiketa zote kimya, lakini taa za dharura zinawaka. Fyuzi tu. Ilikatika tena siku ya pili, ndipo tukapata waya uliochunika nyuma ya soketi. Tafadhalini, msiweke fyuzi kubwa zaidi ili isikatike. Mtachoma waya.

Kijana wa Changamwe: Niliweka balbu za LED, zikapiga mbio kwa sababu zinakula umeme kidogo mno. Nikarudisha za zamani.

Fundi waya, Kisauni: Nyongeza kwa wenye mlango wa nyuma unaofunguka juu. Gari moja iliniweka siku nzima: mlango ukiwa wazi indiketa inawaka, ukifungwa inazima. Vuteni ile mpira inayofunika nyaya pale bawabani, mkunje waya mmoja mmoja kwa vidole. Ule ulikuwa mzima kwa nje, shaba imekatika ndani ya plastiki.