Kuomba nyongeza ya matunzo ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama

MamaMmoja:
Habari zenu, wakuu. Naomba mwongozo kwa jambo linalonitatiza kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa. Mimi na baba wa mtoto wangu tuliachana mtoto akiwa na miaka 3, na mahakama ikaamuru baba atoe kiasi maalumu cha matunzo kila mwezi. Leo mtoto ana miaka 11. Sina la kumlaumu baba yake kuhusu kulipa, kwani hajawahi kuruka hata mwezi mmoja. Tatizo ni kwamba kiasi ni kile kile kilichopangwa mtoto alipokuwa hajaanza shule, ilhali sasa kuna ada, vitabu na nauli, na tangu mwaka juzi aligundulika kuwa na pumu, hivyo dawa ya kuvuta haipaswi kukosekana nyumbani. Nilipomgusia baba yake suala la kuongeza, alinijibu kwamba mahakama ilishasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Je, amri hiyo inaweza kubadilishwa ikiwa muda wa kukata rufaa ulishapita zamani? Nianzie wapi, na nibebe nini? Nina hofu pia kwa sababu nilipandishwa cheo kazini, ingawa nyongeza yenyewe ni ndogo, na nimeambiwa kwamba jambo hilo linaweza kuniharibia ombi.

Karani Mstaafu:
Dada, kwanza liweke kando neno rufaa. Anayekata rufaa anadai kwamba hakimu alikosea siku ile. Wewe hudai hivyo. Unachosema ni kwamba hakimu aliamua sawasawa kwa hali iliyokuwapo, lakini hali hiyo imebadilika. Ndiyo maana ombi la kubadilisha amri ya matunzo kwa kawaida hupelekwa katika mahakama ile ile iliyoitoa, na kwa hiyo namba ya shauri na nakala ya amri ya awali ndivyo vitu vya kwanza kuvitafuta. (Zipo nchi ambazo kazi hii imekabidhiwa wakala wa serikali, na nyingine hukokotoa kiasi kwa jedwali au kwa asilimia ya kipato. Ukifika masjala, yaani ofisi ya majalada ya mahakama, uliza utaratibu unaowahusu ninyi kabla ya kuandika chochote.)

Katika miaka niliyokaa masjala, maombi mengi niliyoyaona yakikwama yalikuwa na kasoro moja: mwombaji anaeleza maisha ya leo kwa kurasa tatu, lakini hasemi lolote kuhusu maisha ya siku amri ilipotolewa. Mahakama haipimi ugumu wa maisha peke yake, bali hupima tofauti kati ya nyakati mbili. Kwa hiyo hati yako ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia kuwa ni ya kweli, iweke mambo hayo sambamba: wakati ule mtoto alikuwa na umri gani, alitumia nini, na kipato cha kila mzazi kilikuwa kipi kadiri unavyojua, kisha leo hali ikoje. Kila unachokitaja kiambatanishwe na karatasi yake, yaani muhtasari wa ada kutoka shuleni, risiti, na hati zako za mshahara. Kwa upande wa pumu, usitegemee risiti za dawa pekee, kwa sababu risiti inathibitisha fedha zilizokwisha kutumika. Barua ya daktari inayoeleza kwamba matibabu ni ya kuendelea ndiyo inayomwonyesha hakimu mahitaji ya miezi ijayo.

Kuhusu kupandishwa cheo, usikifiche, maana utakuwa umeapa, na likigundulika, hata yale ya kweli uliyoyasema yatatiliwa shaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 27, unawapa wazazi wajibu wa kwanza wa kumpatia mtoto hali ya maisha inayohitajika kwa ukuaji wake, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Kipato chako kitahesabiwa, na chake kitahesabiwa pia. Ila ujue kwamba ukiufungua mlango huu, naye anaweza kuupitia kuomba apunguziwe, kwa hiyo piga hesabu zako vizuri kabla ya kuwasilisha.

Bahari Tulivu:
Niliwahi kukataliwa, kwa hiyo naongea kwa uchungu kidogo. Mara ya kwanza hati yangu ya kiapo ilijaa habari za gari jipya la mzazi mwenzangu na mke wake mpya. Hakimu aliisoma, akaniuliza swali moja tu: mtoto anatumia kiasi gani kwa mwezi? Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikanunua daftari, na kwa miezi 6 nikaandika kila matumizi ya mtoto siku yanapotokea. Kosa jingine nililolirekebisha ni la kodi ya nyumba, ambayo awali niliidai yote kana kwamba mtoto anaishi peke yake. Mara ya pili niliigawanya kwa idadi ya tunaoishi humo, na nikamtajia hakimu fungu la mtoto tu. Nilifanikiwa, ingawa sikupewa kiasi chote nilichoomba.

Baba wa Watatu:
Mimi ni upande wa pili, niliyeletewa wito wa mahakama. Kilichoniudhi hakikuwa kuombwa zaidi, bali kwamba sikuwahi kuonyeshwa hesabu yoyote kabla ya wito huo. Mwandikie barua ya heshima yenye mchanganuo, mpe muda wa kujibu, na ubaki na nakala. Mkikubaliana, msiishie kwenye mdomo: pelekeni makubaliano mahakamani yasajiliwe kuwa amri, kwa sababu vinginevyo amri ya zamani ndiyo inayobaki hai, na siku akiacha kutoa nyongeza hutakuwa na amri ya kuiomba mahakama imlazimishe kuitekeleza.

MamaMmoja:
Nawashukuru sana. Nina maswali mawili yaliyobaki. Baba yake siku hizi amejiajiri, na hana hati ya mshahara. Nitathibitishaje kipato chake? Pili, nyongeza ikikubaliwa, itahesabiwa tangu mahitaji yalipopanda? Ndugu zangu wananishauri nimzuie asimwone mtoto hadi akubali kuongeza.

Karani Mstaafu:
Nianze na hilo la ndugu zako, kwa sababu ndilo la hatari: usifanye hivyo. Haki ya mtoto kumwona baba yake na haki yake ya kutunzwa ni mambo mawili, na mzazi anayelitumia moja kubana lingine huenda mbele ya hakimu akiwa tayari ana doa.

Kuhusu kipato, si lazima uwe nacho mkononi. Iombe mahakama imwamuru awasilishe kiapo cha mali na mapato yake pamoja na taarifa za benki na za kodi. Wewe eleza unayoyajua kwa hakika tu, kama vile aina ya biashara na mahali ilipo. Akidai kwamba hapati kitu huku matumizi yake yanaonekana, mahakama inaweza kukadiria uwezo wake kutokana na matumizi hayo.

Kuhusu tarehe, nyongeza kwa kawaida haifukui miaka iliyopita. Mara nyingi huanzia siku ombi lilipowasilishwa au siku ya uamuzi. Malimbikizo ni kitu kingine kabisa, maana hayo ni fedha zilizokwisha kuamriwa zikakosa kulipwa, nawe huna. Kwa hiyo barua aliyokushauri Baba wa Watatu mpelekee, lakini iwe na ukomo wa siku, tuseme 14, na siku ya 15 uwe masjala. Shauri likionekana litachukua muda, omba pia amri ya muda kwa ajili ya dawa, kwa sababu pumu haisubiri tarehe ya kusikilizwa.