Re: Ofisi ya nyumba imekataa karatasi yangu ya bima

Columbus:
Shikamooni wakubwa. Nahamia apatimenti Ijumaa. Nimepeleka karatasi ya HO-4 (bima ya mpangaji), vyombo $30,000, ofisi imeirudisha. Wameandika kwa kalamu nyekundu: kazualti $100,000, na jina la mwenye nyumba liwemo. Ninunue bima ya pili? Na jina lake linaingiaje kwenye bima ninayolipia mimi? Funguo wamezishikilia.

Houston:
Pole mdogo wangu. Kazualti si kule hospitali wanakopokelewa majeruhi? Wapelekee kadi ya matibabu.

Sacramento:
Kaka, usimpoteze mwenzio! Huku Marekani kazualti ni bima ya lawama. Bafu lako likifurika, maji yakamshukia jirani wa chini, kampuni inamlipa yeye, na akikushtaki inakuwekea wakili. Kitanda chako kikilowa, hiyo ni bima ya mali. Ni kama bima ndogo ya gari, haimtengenezei mwenye bima gari lake. Mimi niligonga gari la mtu wakati kima cha chini cha bima ya gari California kilikuwa bado 15/30/5: maelfu ya dola kwa majeruhi mmoja, kwa majeruhi wote, na kwa mali. Hiyo 5 ni $5,000 ya mali ya watu, basi. Bampa, taa na kihisi cha mbele vilizimaliza, iliyobaki nikailipa mwenyewe miezi 14. Tangu Januari 2025 ni 30/60/15, na bado haitoshi. Ongezeni, jamani.

Minneapolis:
Kuna fomu 4684 ya IRS, wale watu wa kodi, ina neno hilohilo juu. Ajaze hiyo.

Sacramento:
4684 ni ya kodi, ya hasara ya mali yako mwenyewe. Tusome swali kwanza. Dada, HO-4 kwa kawaida ina liability, yaani hiyo bima ya lawama, ndani yake. Tazama dec page (muhtasari wa bima yako) yote.

Houston:
Nimekosea, dada, samahani. Ila nyumbani maji yakimwagikia jirani unashuka mwenyewe, unaomba radhi, mnaita fundi, yanaisha. Huku nimekaa miaka 9 na jirani wa chini simjui hata jina. Hilo linaniuma kuliko bima.

Minneapolis:
Kweli kabisa. Mimi wangu namjua kwa kikohozi tu.

Columbus:
Asanteni. Liability ipo, ukurasa wa pili, $100,000. Nilikuwa nimeskani wa kwanza peke yake. Lakini jina la mwenye nyumba? Wakala anauliza niliandike kama "interested party" (wa kupewa taarifa tu) au "additional insured" (naye akingwe na bima). Kesho ni Alhamisi.